Moshi ndani ya gari: kushusha kioo cha nyuma si dawa

Madereva wengi wa magari ya zamani huambiana kwamba moshi wa ekzosi ukinuka ndani, dawa ni kushusha kioo cha nyuma au kuacha buti wazi kidogo. Ni kinyume chake. Gari likitembea, huacha nyuma yake hewa yenye mgandamizo mdogo, na moshi huzunguka hapo hapo. Ukifungua nyuma unaukaribisha, hasa kwenye gari lenye mlango mkubwa wa nyuma.

Kwa hiyo anza na raba ya mlango huo. Ufunge ukiwa umebana kipande cha gazeti, kisha kivute. Kikiteleza tu, raba imekufa. Kama harufu huja gari likiwa limesimama na feni ya ndani inapuliza, fungua boneti. Masizi meusi kwenye gasketi ya manifoldi (pale mabomba ya ekzosi yanapoungana na injini), au mlio wa tik-tik injini ikiwa bado ya baridi, huonyesha panapovuja. (Fundi anayetaka kukuuzia ekzosi nzima kabla ya kutazama hapo, mshukuru uondoke.)

Harufu ikipungua, usitulie bado: monoksidi ya kaboni, gesi ya kwenye moshi ile inayoua, haina harufu. Kichwa kikianza kugonga, simamisha gari mtoke nje.