Maumivu yanayobaki baada ya mkanda wa jeshi

Vidonda vimekauka, magamba yamebanduka. Lakini bibi bado hataki nguo ya kubana, shuka likimgusa ubavuni anashtuka, na usiku halali. Nyumbani wameanza kunong'ona kwamba anadeka. Hadeki. Hayo ni maumivu ya mishipa ya fahamu, na yakizidi miezi mitatu tangu vipele vitokee, madaktari huyahesabu kuwa ugonjwa wa peke yake.

Mkanda wa jeshi huletwa na kirusi kilekile cha tetekuwanga. Ukipona tetekuwanga utotoni, kirusi hakitoki. Hujificha kwenye mishipa ya fahamu karibu na uti wa mgongo, hata miaka 60, mpaka kinga ilegee. Wengi huuhusisha ugonjwa huu na VVU, na kupima ni busara, ila kwa mzee umri pekee unatosha kuuamsha. Kirusi kikiamka hufuata mshipa hadi kwenye ngozi na kuujeruhi njiani. Ngozi hupona kwa wiki chache. Mshipa huchelewa, na ukiwa na jeraha hupeleka ubongoni habari za uongo: kanga ikigusa, ubongo unasoma moto.

Ndiyo maana panadol mara nyingi haifui dafu. Zinazosaidia ni dawa za kutuliza mishipa yenyewe: amitriptilini, inayojulikana zaidi kwa kutibu sonona, na gabapentini au pregabalini, ambazo pia ni dawa za kifafa. Hapa ndipo familia hukwama. Mjukuu anasoma karatasi ya dawa, anauliza kwani bibi ana kifafa? Dawa zinawekwa kabatini.

Amitriptilini kwa mzee huanza kidogo, mara nyingi miligramu 10 usiku, ikipandishwa taratibu. Nafuu huchukua wiki kadhaa. Mdomo hukauka, choo huwa kigumu, na babu mwenye tezi dume anaweza kuzibwa mkojo. Dawa zote hizi huleta kizunguzungu, kwa hiyo taa ya njia ya chooni iwashwe, maana mzee akianguka na kuvunjika nyonga ni balaa jingine. Mwenye figo dhaifu hupunguziwa gabapentini. Na asiache dawa ghafla bila kumuuliza daktari.

Zipo pia plasta za ganzi ya lidokaini, na krimu ya kapsaisini, kile kiini kinachofanya pilipili iwashe. Hii huunguza mwanzoni, haipakwi kwenye kidonda kibichi, na mikono ioshwe kabla ya kugusa macho.

Vipele vikianza tu, mzee apelekwe hospitali ndani ya saa 72, wakati asiklovia, dawa ya kupambana na kirusi hiki, inafanya kazi vizuri zaidi. Vikiwa karibu na jicho, siku hiyohiyo. Chanjo nayo ipo, Shingrix, sindano mbili kwa waliofika miaka 50. Hata aliyewahi kuugua anaweza kuchanjwa, kwa sababu mkanda hurudi.