Je, wajua umri wa mbuyu hutafutwaje? Tujifunze kwa mibuyu ya Bagamoyo

Katika uwanja wa misheni ya Bagamoyo upo mbuyu mnene ambao watu kadhaa wakishikana mikono hawatoshi kuuzunguka. Ukiusogelea na kulikagua gome lake utaona pingili chache za mnyororo wa chuma zimechomoza. Mnyororo uliobaki umo ndani ya mti. Inasimuliwa kwamba mwishoni mwa karne ya 19 mama mmoja Mfaransa, Madame Chevalier, aliyejitolea kuhudumia wagonjwa hapo misheni, alikuwa akimfunga punda wake kwenye mbuyu huo. Mnyororo ukaachwa, mti ukaendelea kunenepa, ukaumeza.

Wageni hupiga picha wakaenda zao. Lakini hapo kuna swali linalostahili kukaliwa kitako: tunajuaje mti huu una umri gani? Na kwa nini huu unahesabiwa kuwa mti wa historia, wakati mibuyu mingine ya Bagamoyo, minene vilevile, haina hata kibao?

Tuanze na mnyororo wenyewe. Shina la mti halivutiki kwenda juu. Chini ya gome kuna utando hai mwembamba unaotengeneza tabaka mpya za mti, na ndio unaolifanya shina lipanuke kwenda nje. Urefu huongezeka kwenye ncha za matawi tu. Kwa hiyo kitu kilichofungwa shinani hakipandi hata ipite miaka mia. Hubaki kwenye kimo kilekile alichokifunga mtu. Mti ukikutana na chuma hauwezi kukisukuma, basi gome hufura juu yake na chini yake mpaka kingo mbili zikutane na kukifunika. Kama nyumbani una mwembe uliopigiliwa msumari wa kamba ya kuanikia nguo, ukauchunguze: jambo ni lilelile, ila kwa udogo.

Sasa umri. Inaelezwa kwamba mbuyu wa misheni ulipandwa mwaka 1868, mwaka ambao mapadre wa Shirika la Roho Mtakatifu walifika Bagamoyo kutoka Zanzibar na kuanzisha kijiji cha watu waliokombolewa utumwani. Kama ni hivyo, mbuyu ule una miaka mia moja na hamsini na kitu tu. Mtu akiuona kwa macho atakuapia kwamba ni wa miaka elfu. Hapo ndipo wengi wanapopotea, maana unene wa mbuyu hauaminiki. Mti wake ni laini na umejaa maji. Shina hujaa wakati wa masika na kupungua wakati wa kiangazi. Ukiupima Mei na ukaupima tena Oktoba unaweza kupata vipimo viwili tofauti. Mbuyu uliokaa penye maji ya kutosha hunenepa haraka, na wa kwenye mwamba hudumaa, ingawa unaweza kuwa mkubwa kwa umri kuliko mwenzake.

Hata wataalamu walipotea. Michel Adanson, Mfaransa ambaye jina lake ndilo lililopewa jenasi ya mbuyu, yaani jina la kisayansi la ukoo wake, *Adansonia*, aliona Senegal mwaka 1749 mibuyu iliyochongwa majina na mabaharia wa Ulaya karne kadhaa kabla yake. Akakadiria kasi ya kukua kwa miti ile, akapiga hesabu, akatangaza kwamba mibuyu mikubwa ina zaidi ya miaka 5,000. Wazo la kutumia maandishi yenye tarehe lilikuwa zuri sana. Hesabu ndiyo iliyozidi mno.

Miti mingi ya nchi zenye baridi kali huhesabiwa pete zake, kila mwaka pete moja. Kwa mbuyu njia hiyo ni ngumu: pete hufifia, nyingine hazionekani kabisa, na mti ukizeeka mara nyingi huwa na uwazi katikati. Ndiyo maana siku hizi hutumika kipimo cha kaboni 14. Mti unapotengeneza tabaka mpya huchukua kaboni ya hewani, na sehemu ndogo ya kaboni hiyo ni ya aina inayooza polepole. Nusu yake hupotea kwa kila miaka kama 5,730. Maabara ikipima kilichobaki, hukadiria tabaka ile ilijengwa lini. Mwanakemia wa Romania, Adrian Patrut, na wenzake walianza kuipima mibuyu ya Afrika kwa njia hii mwaka 2005. Waligundua kwamba mbuyu mkubwa mara nyingi si shina moja. Ni mashina kadhaa yaliyoota kwa duara yakaungana, na uwazi wa katikati haukuwahi kuwa na mti. Kwa hiyo sehemu kongwe kuliko zote huenda isiwe katikati, na anayetoboa shina kuchukua sampuli bila kulijua hilo atapata jibu lisilo sahihi. Mbuyu wa Panke, Zimbabwe, ulionekana kuwa na miaka kama 2,450. Ulianguka kati ya mwaka 2010 na 2011. Mwaka 2018 watafiti hao walitangaza kwamba kati ya mibuyu 13 mikongwe waliyoijua, 9 ilikuwa imekufa au imebomoka sehemu zake kongwe katika muda wa miaka kumi na ushei, na wakahisi kuwa mabadiliko ya tabianchi yana mkono wake.

Jambo ambalo binafsi naliona la kupendeza kuliko yote ni kwamba kwa mbuyu wa misheni kaboni isingetusaidia sana. Viwango vya kaboni 14 hewani viliyumba kati ya miaka ya 1650 na 1950, kwa hiyo mti wa kipindi hicho ukipimwa hutoa majibu kadhaa yanayowezekana, na kuchagua moja ni kazi. Hapo karatasi inaishinda maabara. Mapadre wa Bagamoyo waliandika shajara ya shughuli zao, wakapiga picha, wakatunza kumbukumbu za nani alifika na nini kilijengwa. Mmoja wao, Padre Charles Sacleux, alikusanya mimea ya pwani hii na majina yake kama wenyeji walivyoyatamka, na kamusi yake kubwa ya Kiswahili na Kifaransa imejaa majina hayo. Simulizi ya punda, chuma kilichomo shinani na kumbukumbu za misheni vikikutana, mti unapata historia inayoshikika.

Tazama upande wa pili. Kule Kaole, kilometa chache kusini mwa mji, kwenye magofu ya msikiti unaohesabiwa kuwa wa karne ya 13 na makaburi ya mawe, kuna mbuyu ambao waongozaji wageni huutaja kuwa wa miaka mia tano. Huko hakuna padre aliyeandika. Kuna masimulizi ya wazee, kuna makaburi, kuna mti. Siuoni kuwa pungufu kwa mbuyu wa misheni hata kidogo. Unahitaji ushahidi wa namna nyingine: masimulizi yarekodiwe kwa watu wengi tofauti na kulinganishwa, na siku moja kaboni ipimwe, maana kwa mti wa umri ule itasema jambo la maana.

Kwa hiyo anayetaka kuutambua mti wa historia mtaani kwake huanza na maswali kabla ya futi kamba. Mti gani? Nani anaukumbuka, na babu yake alimwambia nini? Palifanyika nini chini yake: baraza la wazee, chuo cha Kurani, soko, maziko? Kisha ndipo hupimwa mzunguko wa shina kwenye kimo cha kifua, mita 1.3 kutoka ardhini, ukaandikwa pamoja na mwezi wa kupima. Picha ipigwe na mtu akiwa amesimama kando, ili wajao waone ukubwa wake. Mahali paandikwe kwa namba za GPS zinazoonyeshwa na simu. Na jina la mtaa nalo ni shahidi: Mbuyuni, Mwembeni, Mkwajuni na Msufini ziko pwani nzima, na mara nyingi mti uliozaa jina ulishakatwa bila mtu kuuandika popote.

Kuupoteza mti si lazima kupoteza habari zake, na Bagamoyo ina uhusiano na mfano mkubwa wa jambo hilo. David Livingstone, mmisionari na mvumbuzi Mskoti, alipofariki mwaka 1873 katika nchi ambayo leo ni Zambia, moyo wake ulizikwa chini ya mti unaoitwa mpundu, na Jacob Wainwright, mmoja wa wasafiri wake, akachonga maandishi shinani. Kisha watumishi wake Susi na Chuma na wenzao wakaubeba mwili mpaka Bagamoyo, wakafika Februari 1874. Mti ule ulikuja kukatwa, lakini kipande chenye maandishi kilipelekwa London, na msalaba uliotengenezwa kwa mti huohuo upo katika kanisa la Mkunazini, Zanzibar. Habari zake ziliokoka kwa sababu mti ulikuwa na maandishi. Miti yetu mingi ina habari nzito kuliko hiyo na haina herufi hata moja.

Sheria zipo, ila kuna pengo. Sheria ya Mambo ya Kale ya mwaka 1964 inalinda hasa majengo na vitu vya mkono wa binadamu vya kabla ya mwaka 1863. Mti hauingii hapo kirahisi. Sheria ya Misitu ya mwaka 2002 ina nafasi ya kutangaza mti au jamii ya miti kuwa ya kuhifadhiwa, na ukishatangazwa haukatwi bila kibali. Mbuyu wa Kaole umo ndani ya eneo la mambo ya kale, wa misheni una wenyewe. Mimi nahofia ile ya katikati, iliyo kando ya barabara au kwenye kiwanja kilichouzwa juzi. Ukiona vyaelea, vimeundwa: miti hiyo imefika leo kwa sababu watu waliiheshimu. Kwa mingine walihofia mizimu, wakafunga vitambaa na kufukiza ubani, na mwenye shoka akapita mbali. Hofu hiyo inapungua. Kinachoweza kushika nafasi yake kwa haraka ni muhtasari wa mkutano wa serikali ya mtaa wenye jina la mti, mahali ulipo na habari zake, ili siku ya kupima viwanja au kupanua barabara pawe na karatasi ya kuweka mezani.

Mti wenyewe hauhitaji makubwa. Mizizi mingi hukaa karibu na uso wa ardhi na kuenea kupita kivuli cha matawi, kwa hiyo adui mkubwa ni sakafu ya saruji iliyozungushwa mpaka shinani, pamoja na msingi wa ukuta unaochimbwa kando. Kuchoma taka chini yake ni kuua polepole. Mbuyu ukichunwa gome huliotesha tena, jambo ambalo miti mingi haiwezi, lakini wa kuchunwa kila mwaka huchoka.

Na warithi je? Mche wa mbuyu una majani ya kawaida, jani moja moja, hauna yale majani ya vidole vitano tunayoyajua, kwa hiyo wapalilia ua huung'oa wakidhani ni gugu. Mbegu za ubuyu zina ganda gumu. Ukizilowesha katika maji ya moto na kuziacha usiku kucha, huota upesi zaidi. Panda mbali na ukuta, zungushia miiba mbuzi wasifike, na andika tarehe.