Je, wajua kwa nini jaribio 1 la Python linaweza kufeli mara 3?

Tazama mistari hii miwili, ambayo Python, lugha ya kuandikia programu, huitoa kwenye skrini bila kuona haya:

```
Ran 1 test in 0.001s
FAILED (failures=3)
```

Limeendeshwa jaribio moja, na kufeli kumetokea mara tatu. Mtu akikuletea hesabu za namna hii utamrudisha akahesabu upya. Lakini Python haijakosea, wala hii si hitilafu inayosubiri kurekebishwa. Jibu liko kwenye swali ambalo wengi wetu hatujiulizi: muhtasari wa majaribio huhesabu nini hasa?

Kwa asiyezoea mambo haya, jaribio la kiotomatiki ni kipande kifupi cha msimbo kinachoita kipande kingine na kudai jambo fulani kuhusu jibu lake. Unadai kwamba jumla ya 2 na 3 ni 5, au kwamba umri wa miaka 999 unakataliwa. Dai likitimia, jaribio limefaulu. Programu kubwa huwa na maelfu ya majaribio ya aina hii na hakuna anayekaa kuyasoma moja moja, kwa hiyo kinachosomwa ni ule mstari wa mwisho. Ndiyo maana inafaa kujua umetoka wapi.

Mistari ya hapo juu imetoka kwenye jaribio hili:

```python
class JaribioLaUmri(unittest.TestCase):
    def test_umri_usiofaa(self):
        for umri in (-1, 200, 999):
            with self.subTest(umri=umri):
                self.assertFalse(ni_halali(umri))
```

`subTest` iliingia katika Python 3.4, mwaka 2014. Kazi yake ni kuruhusu kitanzi kiendelee hata dai moja likianguka, ili uone namba zote zilizokosewa, si ya kwanza peke yake. Ikiwa `ni_halali` inakubali kila kitu, madai matatu yataanguka ndani ya jaribio hilohilo moja.

Sasa tumtafute mwenye kuhesabu. Ndani ya `unittest`, moduli ya majaribio inayokuja na Python yenyewe, kuna darasa linaloitwa `TestResult`. Lichukulie kama daftari linalopitishwa kutoka jaribio hadi jaribio. Jaribio likianza, daftari huambiwa `startTest`, na namba iitwayo `testsRun` huongezeka kwa moja. Dai likianguka, daftari huambiwa `addFailure` (au `addSubTest`, kama dai liko ndani ya `subTest`), na taarifa ya anguko huongezwa kwenye orodha iitwayo `failures`. Mwishoni, neno `Ran` husomwa kutoka kwenye namba, na `failures=3` ni urefu wa orodha. Hakuna mahali popote ambapo vitu hivyo viwili vinalinganishwa. Kimoja kinahesabu majaribio yaliyoanza, kingine kinahesabu taarifa zilizoletwa.

Ukilielewa hilo, hata mshangao wa upande wa pili unaeleweka. Maandalizi ya darasa zima, yaani `setUpClass`, yakivunjika, utaona hivi:

```
Ran 0 tests in 0.000s
FAILED (errors=1)
```

Hakuna jaribio lililoanza, lakini taarifa moja imefika.

Daftari hili lina asili yake. Mwaka 1997 Kent Beck na Erich Gamma walikuwa ndani ya ndege kutoka Zurich kwenda Atlanta, wakaandika kwa ajili ya lugha ya Java chombo cha majaribio kilichokuja kuitwa JUnit, kwa mfano wa kazi ambayo Beck alikuwa amekwisha ifanya katika lugha ya Smalltalk. Steve Purcell akaileta fikra hiyo upande wa Python kwa jina la PyUnit, na mwaka 2001 ikaingizwa rasmi katika Python 2.1 kama `unittest`. Ndiyo sababu majina yake yameandikwa kwa mtindo wa Java, `addFailure` badala ya `add_failure`. Ukiwahi kuona moduli hii haifanani na ndugu zake katika Python, ujue ilikuja na lafudhi ya kwao.

Kutoka kwa JUnit tulirithi pia tofauti kati ya herufi F na herufi E. Katika `unittest`, F ni kufeli: dai limeangushwa, yaani jibu lilipatikana lakini silo. E ni hitilafu: msimbo umerusha kitu kingine ambacho hakikutarajiwa, kwa mfano `KeyError`, na dai lenyewe pengine halikufikiwa kabisa. Tofauti hii ni nzuri. F inakwambia programu imejibu vibaya, na E inakwambia haikujibu.

Halafu kinakuja `pytest`, chombo kingine cha majaribio ya Python, ambacho leo hutumiwa na watu wengi zaidi ya `unittest`, na kinatumia herufi zilezile kwa maana nyingine. Hapa ndipo watu wanapopotezana.

`pytest` hugawa kila jaribio katika hatua tatu: maandalizi, wito wenyewe, na usafishaji. Kwenye msimbo zinaitwa `setup`, `call` na `teardown`. Kila hatua hutoa ripoti yake. Jambo lolote likivunjika katika wito, liwe dai au `KeyError`, herufi ni F. Jambo lolote likivunjika katika maandalizi au usafishaji, herufi ni E, hata kama lililoanguka ni dai la kawaida. Kwa maneno mengine, `unittest` inauliza nini kimevunjika, na `pytest` inauliza kimevunjika wapi.

Ajabu zaidi, `pytest` inaweza kuendesha faili zilizoandikwa kwa `unittest`, na hapo njia ya `setUp` huendeshwa ndani ya wito. Basi `setUp` ikirusha `KeyError`, faili lilelile litaonyesha E ukiliendesha kwa `unittest` na F ukiliendesha kwa `pytest`. Timu inayohamia chombo kipya huku ikilinganisha idadi ya F za jana na za leo inalinganisha vitu viwili tofauti vyenye jina moja.

Ripoti tatu kwa jaribio moja zina matokeo mengine. Tazama hili, ambamo kilicho kabla ya `yield` ni maandalizi na kilicho baada yake ni usafishaji:

```python
@pytest.fixture
def faili_la_muda():
    f = open("muda.txt", "w")
    yield f
    f.close()
    os.remove("haipo.txt")

def test_kuandika(faili_la_muda):
    assert faili_la_muda.write("habari") == 6
```

Kuandika kumefanikiwa, na herufi ni sita kama ilivyodaiwa. Lakini usafishaji unajaribu kufuta faili ambalo halipo. Skrini itaonyesha `.E`, na mstari wa mwisho utasema `1 passed, 1 error`. Jaribio ni moja, limeingia kwenye safu mbili. Anayejumlisha safu ili apate idadi ya majaribio atapata 2, na asilimia alizopanga kumpelekea mkuu wake zitakuwa zimeharibika tayari.

Usidhani kuhamisha hesabu kwenye faili la XML kunakuokoa. Amri `--junitxml` huandika matokeo kwa muundo uliotokana na ulimwengu wa JUnit, ambao seva nyingi za kuendesha majaribio huusoma. Muundo huo hautaki jaribio moja libebe kufeli na hitilafu kwa pamoja. Basi jaribio likifeli katika wito na tena likavunjika katika usafishaji, `pytest` huliandika mara mbili, kila tukio na kipengele chake cha `testcase`.

Nionavyo mimi, dawa ni kuacha kusoma mstari wa mwisho kama chanzo cha takwimu. Ule uliandikwa kwa ajili ya macho ya mtu aliyekaa mbele ya skrini. Ukitaka kufuatilia matokeo siku hadi siku, chukua ripoti kabla hazijajumlishwa. `pytest` inaruhusu hilo kwa mistari michache ndani ya faili liitwalo `conftest.py`:

```python
import json

matokeo = {}

def pytest_runtest_logreport(report):
    hatua = matokeo.setdefault(report.nodeid, {})
    hatua[report.when] = report.outcome

def pytest_sessionfinish(session):
    with open("matokeo.json", "w") as f:
        json.dump(matokeo, f, indent=2)
```

`pytest` huiita fankisheni ya kwanza kila ripoti inapofika. Lile jaribio letu la kuandika sasa litatokea mara moja tu, likiwa na hatua zake zote: maandalizi yamepita, wito umepita, usafishaji umefeli. Kutoka hapo unaamua mwenyewe kanuni ya jumla. Mimi hutumia kanuni ya hatua mbaya kuliko zote: moja ikifeli, jaribio limefeli. Hivyo idadi ya yaliyofaulu, yaliyofeli na yaliyorukwa hujumlika kuwa idadi ya majaribio, jambo ambalo mtu angedhani lilikuwa hivyo tangu mwanzo.

Kuna mitego miwili mitatu. Jaribio lililowekewa alama ya `xfail`, yaani tunajua litafeli na tumelikubali hivyo, hufika likiwa na tokeo `skipped`, sawasawa na lililorukwa. Kinachoyatofautisha ni sifa iitwayo `wasxfail` kwenye ripoti, na usipoiangalia utaripoti kwamba majaribio yamerukwa ilhali yaliendeshwa na yakafeli kama ilivyotarajiwa. Ukitumia `pytest-xdist` kugawa kazi kwa michakato kadhaa inayokwenda sambamba, ripoti hupita kwa mfanyakazi kwanza na kisha kwa msimamizi, na `conftest.py` husomwa na wote. Michakato yote itagombea faili moja la `matokeo.json`. Msimamizi hana sifa ya `workerinput` kwenye `session.config`, kwa hiyo iangalie hiyo kwanza na umwache yeye peke yake aandike.

Mtego wa tatu unanikera kuliko yote. `pytest-rerunfailures` hurudia jaribio lililofeli ili kuona kama litapita mara ya pili. Katika kamusi yetu hapo juu, jaribio la mwisho hufuta la kwanza, na tokeo lililobaki ni zuri. Jaribio lililofeli mara mbili kisha likafaulu linaonekana safi kama lile ambalo halijawahi kuyumba. Kigeugeu ndicho ulichokuwa unakiwinda, na chombo chako kimekusaidia kukificha. Hifadhi orodha ya matokeo, si tokeo moja, na pamoja nayo hifadhi alama ya toleo la msimbo. Jaribio linalotoa majibu mawili juu ya msimbo uleule ni kigeugeu. Likitoa majibu mawili juu ya msimbo uliobadilika, huenda linafanya kazi yake barabara.

Jina la jaribio nalo ni ufunguo dhaifu. `nodeid` hujengwa kwa njia ya faili, jina la darasa kama lipo, jina la fankisheni na thamani zilizopitishwa, kwa mfano `majaribio/test_hesabu.py::test_jumla[2-3]`. Ukihamisha faili au kubadili 3 iwe 4, historia inakatika, na kwenye chati yako jaribio la zamani litaonekana limekufa na jipya limezaliwa siku hiyohiyo.

Kuna pia muhtasari mfupi kuliko wote, ambao hauonekani kwenye skrini: namba ya kutokea. Programu ikimaliza huiachia kompyuta namba moja. Kwa `pytest`, 0 ni kwamba yote yamepita, 1 kuna yaliyofeli, 2 mtu amekatiza, 3 ni hitilafu ya ndani, 4 amri imeandikwa vibaya, na 5 hakuna jaribio lililopatikana. Hiyo ya 5 si ndogo. Kwa miaka mingi `unittest` ilipokosa jaribio hata moja ilisema `OK` na kutoa 0, hivyo folda iliyokosewa jina ilionekana imefaulu. Tangu Python 3.12, mwaka 2023, nayo hutoa 5. Na ukiandika `pytest | tee kumbukumbu.txt` ili uhifadhi maandishi, namba inayobaki ni ya `tee`, ile amri inayonakili maandishi kwenye faili, na karibu kila mara ni 0. Katika bash, programu inayopokea amri zako, `set -o pipefail` hurudisha ukweli.

Turudi kwa lile jaribio la kuandika, lililopewa nukta na herufi E. Skrini ilisema `1 passed, 1 error`. Namba yake ya kutokea ni 1. Na ukifungua faili `.pytest_cache/v/cache/lastfailed`, ambamo `pytest` huweka majina ya majaribio ya kurudiwa ukitumia `--lf`, utalikuta jina lake limeandikwa humo.