Jukwaa la kurushia nini?

Wiki hii nimelisikia kwa mara ya tatu, safari hii redioni asubuhi: Wamarekani "wanakarabati jukwaa lao la zamani la kurusha roketi ili lirushe roketi mpya." Mara ya kwanza nilinyamaza. Mara ya pili nilimnung'unikia mke wangu, naye akaniuliza kama chai imepoa. Sasa naandika: hawalikarabati, wanaligeuza.

Maana yenyewe haina urefu. Kugeuza jukwaa la kurushia roketi ni kulichukua jukwaa lililojengwa kwa ajili ya roketi ya aina moja na kulifanya lifae roketi ya aina nyingine. Kinachofaa kinabaki, kisichofaa kinabomolewa, kinachokosekana kinajengwa. Tena jukwaa si kituo. Kituo, kama kile cha Cape Canaveral kule Florida, ni eneo zima lenye majukwaa mengi, kila moja na namba yake. Fasili imeisha, ugomvi ndio unaanza.

Nianze na herufi moja ambayo watu wanaidondosha. Husemwa "jukwaa la kurusha roketi". Jukwaa halirushi kitu. Limekaa tu pale, zege na chuma, roketi inaondoka kwa moto wake. Kitenzi cha asili ni kuruka. Ukikifanya kitu kiruke, unakirusha, kama waka inavyozaa washa na anguka inavyozaa angusha. Ukiingiza ile i unapata kurushia, na i hiyo ndiyo iliyomo katika sufuria ya kupikia na kisu cha kukatia. Inataja mahali pa kufanyia tendo, au chombo cha kulifanyia. Kwa hiyo ni jukwaa la kurushia.

Mtasema huyu naye, herufi moja tu. Lakini herufi hiyo ina tabia ya kudai jibu. Ukimwambia muuza duka unataka kisu cha kukatia, atakuuliza: cha kukatia nini, mkate au mfupa? Na jukwaa la kurushia, la kurushia nini? Uwanja wa ndege haukuulizi hivyo. Leo inatua Boeing, kesho Airbus, lami ni ileile. Jukwaa la roketi liko karibu zaidi na kalibu ya matofali. Mabomba ya kujazia mafuta yamewekwa kwenye kimo cha matangi ya roketi ile, makucha ya chuma yanayoishika chini mpaka injini zithibitike kuwaka yamepimwa kwa kitako chake, na mfereji unaopitisha moto umechimbwa kwa kukadiria nguvu zake. Leta roketi nyingine hapo, utakuta umeleta tofali la inchi sita kwenye kalibu ya inchi tano.

(Roketi nalo ni neno lenye safari. Limetufikia kupitia Kiingereza, lakini mzizi wake ni wa Kiitaliano, rocchetta, kijiti kidogo cha kusokotea uzi, kwa sababu fataki za zamani zilikuwa na umbo hilo. Waitaliano tutawarudia.)

Sasa kwenye neno linaloniudhi hasa. Kukarabati ni kukirudisha kitu kilichoharibika katika hali yake ya kufanya kazi, kazi ileile. Paa linavuja, unakarabati, linaacha kuvuja. Lakini mtu akinunua nyumba ya zamani Kariakoo, akaivunja na kusimamisha ghorofa, hakuna jirani atakayesema amekarabati nyumba ya marehemu mzee. Alichonunua ni kiwanja: barabara imefika, maji yapo, umeme upo. Wenye roketi nao hununua kiwanja hivyohivyo.

Tazama jukwaa namba 40 pale Cape Canaveral, maana lenyewe limepitia yote mawili, kugeuzwa na kukarabatiwa. Lilijengwa kwa ajili ya roketi ya Titan, na Titan ya kwanza iliondoka hapo Juni 1965. Ndiko ulikotoka mwaka 1997 msafara wa chombo cha Cassini wa kwenda sayari ya Zohali. Titan ya mwisho ya jukwaa hilo iliruka mwaka 2005. Miaka miwili baadaye likachukuliwa na kampuni ya SpaceX, na mwaka 2008 mnara mkubwa wa Titan ukaangushwa kwa baruti. Juni 4, 2010, roketi yao ya kwanza ya Falcon 9 ikaruka kutoka hapo.

Kati ya mnara kuanguka na Falcon kuruka ndipo kazi ya kugeuza ilipo, na ugumu wake ulianzia kwenye mafuta. Titan ilitumia kemikali za jamii ya haidrazini pamoja na tetroksidi ya naitrojeni. Hizo ni sumu, lakini zinakaa kwenye tangi katika joto la kawaida, na zikikutana tu zinawaka bila kiberiti. Falcon 9 inatumia mafuta ya taa yaliyosafishwa sana na oksijeni ya kimiminika, ambayo huchemka kwenye nyuzi 183 chini ya sifuri. Kwa hiyo unahitaji matangi mapya na mabomba yaliyovikwa kinga ya baridi. Kisha Titan ilikuwa ikiunganishwa ikiwa wima na kuletwa jukwaani kwa reli, hali Falcon huunganishwa ikiwa imelala ndani ya banda na kusimamishwa ikishafika. Mnara mrefu wa nini tena? Ndiyo maana waliuangusha badala ya kuupaka rangi.

Halafu Septemba 1, 2016, Falcon 9 ililipuka pale jukwaani ikiandaliwa kwa majaribio ya injini, na satelaiti yake juu. Jukwaa likaharibika. Wakaondoa vilivyoungua, wakajenga upya, na Desemba 2017 Falcon 9 ikaruka tena kutoka hapohapo. Huo sasa ndio ukarabati! Roketi ileile, kazi ileile, kilichovunjika kimetengenezwa. Mwaka 2010 jukwaa lilikuwa limegeuzwa, mwaka 2017 likawa limekarabatiwa. Ukiyaita yote mawili kwa jina moja, msikilizaji hatajua lipi liliungua na lipi lilibadilishiwa mwenyewe.

Jirani yake maarufu zaidi ni 39A, lile la safari ya Apollo 11 ya kwenda mwezini Julai 1969. Watu husema SpaceX ndio walioligeuza, na ni kweli, ila hawakuwa wa kwanza. Enzi ya Apollo, mnara haukuwa wa jukwaa. Ulisafiri na roketi ya Saturn V juu ya gari kubwa la minyororo lililotembea polepole kuliko mtu anayekwenda sokoni. Ilipokuja Shuttle, chombo cha wanaanga kilichorudi na kuruka tena, vipande vya minara hiyo vilikatwa na kusimikwa jukwaani moja kwa moja. Jukwaa la safari za mwezini likawa la Shuttle, nayo ikaruka kwa mara ya kwanza Aprili 1981. SpaceX walipolikodi kwa miaka 20 mwaka 2014, walijenga banda lao kukatisha ileile njia ya gari la minyororo, wakauondoa mnara wa pili uliokuwa ukizunguka kuifunika Shuttle, lakini ule uliosimikwa wakauacha. Ndio mnara walioupanda wanaanga mwaka 2020 kuingia kwenye chombo cha Dragon cha SpaceX. Mnara mmoja, wenyeji watatu. Hilo nalo litaitwa ukarabati?

Kilichobaki muda wote huo, pamoja na mnara, ni vile vitu ambavyo hakuna anayepiga navyo picha: mfereji wa moto wenye upana wa mita 18 hivi na kina cha mita 13 hivi, barabara zinazobeba uzito usio wa kawaida, bahari upande wa mashariki ili kikianguka kitu kisianguke juu ya mji, na kilomita za ardhi tupu kuzunguka. Eneo la namna hiyo hulipati kwa kutembea na dalali.

Wafaransa nao wana jukwaa la aina hiyo Kourou, kule Guyana ya Ufaransa, Amerika Kusini. Mwaka 1971 roketi ya Europa iliruka kutoka hapo, ikashindwa. Mahali palepale pakageuzwa kwa roketi ya Ariane, iliyoruka mara ya kwanza mkesha wa Krismasi 1979. Baadaye pakageuzwa tena kwa Vega, roketi inayoongozwa na Italia, ikaruka Februari 2012.

Na si kila anayegeuza hufanikiwa. Kule Vandenberg, California, jukwaa namba 6 lilianza kujengwa mwaka 1966 kwa kituo cha anga cha kijeshi ambacho mwaka 1969 kilifutwa kabla hakijaruka. Likageuzwa kwa Shuttle kwa mabilioni ya dola. Challenger, mojawapo ya Shuttle, ikalipuka Januari 1986, na Shuttle haikuruka hata moja kutoka hapo. Lilikuja kupata roketi kubwa mwaka 2006, Delta IV. Lipo pia linaloachwa tu. Jukwaa namba 34, ambapo wanaanga watatu wa Apollo 1 waliungua mwaka 1967, limebaki na zege lake limeandikwa kwa Kiingereza maneno yenye maana ya "liachwe palepale". Wenzetu wanaandika kabisa ukutani kama jukwaa limeachwa.

Waitaliano nilisema tutawarudia. Binamu yangu wa Malindi ananiambia kila tukikutana kwamba serikali ikikarabati tu majukwaa ya Waitaliano ya San Marco, yaliyo baharini pale Ngomeni, tutarusha satelaiti zetu wenyewe. Ana hoja, tena kubwa kuliko anavyojua. Pale ni karibu na ikweta, ambapo dunia inazunguka kwa takriban kilomita 1,670 kwa saa na kuisukuma roketi bure, na mashariki yake kuna Bahari ya Hindi tupu. Jukwaa la Santa Rita, mojawapo ya hayo, lenyewe lilikuwa la wachimba mafuta kabla ya Profesa Luigi Broglio wa Italia na wenzake kuligeuza. Kati ya 1967 na 1988 satelaiti tisa zilikwenda angani kutoka jukwaa jirani la San Marco, mojawapo ikiwa Uhuru, iliyorushwa Desemba 12, 1970, siku ya uhuru wa Kenya, ya kwanza duniani kutengwa kwa ajili ya kuchunguza miale ya eksirei ya angani.

Ila zote zilibebwa na Scout, roketi nyembamba ya mafuta makavu, isiyohitaji tangi la oksijeni wala bomba la baridi. Jukwaa lilijengwa kwa kipimo chake. Nikamwambia binamu, kwa upole maana ni mkubwa wangu, kwamba yale majukwaa yakikarabatiwa vizuri kabisa, kila bulti mahali pake, yatakuwa tayari kuipokea Scout, na Scout ya mwisho iliruka mwaka 1994. Neno alilokuwa akilitafuta ni kugeuza.