Si ndimu, si tango: mbirimbi unavyotambulika

Wengi wetu Unguja na Pemba tunaujua mbirimbi, mti wa lile tunda kali la achari, kwa ulimi. Ukituuliza mti wenyewe ukoje kabla haujazaa, tunasita, na hapo ndipo maneno yanapoanza.

"Ni ndugu wa ndimu, huoni ulivyo mkali?" Ukali hauthibitishi undugu. Chuma jani la mndimu ulifikiche: harufu ya ndimu itakujaa kiganjani. Kisha tazama jani la mbirimbi. Ni refu, sentimita 30 hadi 60, na limegawika vijani 11 hadi 37 kwenye uti mmoja, vyenye malaika laini ukivipapasa. Majani hayo hujikusanya kwenye ncha za matawi, kwa hiyo kwa mbali mti kama umevaa vilemba, chini umebaki uchi.

Na wanaosema ni ndugu wa tango? Undugu huo ndio haupo kabisa. Tango hutambaa, huu ni mti wa mita 5 hadi 10.

Linalonichekesha zaidi ni madai kwamba mti unaozaa shinani, kama huu, una maradhi, au umefanyiwa jambo. Basi na mfenesi je? Mbona fenesi likining'inia shinani hakuna anayekwenda kwa mganga? Inama utazame vizuri: maua madogo ya rangi ya damu ya mzee, petali tano tano, yamechomoza kwenye gome kavu, na kando yake mabirimbi machanga kama vidole vya mtoto.

Jamaa yake wa kweli ni lile tunda ambalo ukilikata unapata nyota. Kitaalamu yote mawili ni ya jenasi moja, Averrhoa, jina alilolitoa Linnaeus, mtaalamu wa mimea wa Sweden, mwaka 1753 kwa heshima ya Ibn Rushd (Averroes kwa Kilatini), yule tabibu na mwanafalsafa wa Córdoba. (Kumbe tunamkumbuka kila tukitia achari!) Ila tunda la nyota lina mbavu tano kali, na jani lake ni fupi, vijani 5 hadi 11. Birimbi migongo yake mitano ni hafifu, ya mviringo.

Na wale wanaosema maji yake ni dawa, kunywa bilauri nzima? Ukali ule ni asidi ya oksaliki, ambayo ikizidi huumiza figo. India madaktari wamewapokea watu waliofeli figo ghafla baada ya kunywa juisi yake nzito. Mabirimbi matatu manne kwenye mchuzi wa papa ni habari nyingine.