Usimwache Alale Upande Mmoja: Vidonda vya Mgandamizo Huanza Ndani

"Sista, mwache kwanza, ndiyo kapata usingizi." Maneno haya tunayasikia sana wodini hapa Kigoma tukija usiku kumgeuza mgonjwa wa kiharusi, na anayeyasema ni ndugu mwenye huruma. Lakini mgonjwa huyo hawezi kujigeuza. Mtu mwenye afya hujigeuza usingizini bila kujua. Aliyepooza hubaki pale pale alipolazwa, uzito wake ukibana nyama kati ya mfupa na godoro. Mishipa midogo ya damu hufungwa, na ndani ya saa chache tu nyama inaweza kuanza kufa. Mara nyingi hufa kuanzia ndani, karibu na mfupa, kwa hiyo ngozi inapofunguka shimo lilikwishakuwepo.

Ndiyo maana muuguzi humfunua mgonjwa na kumkagua kila siku: juu ya makalio, nyonga, visigino, viwiko, kisogo. Tulifundishwa kutafuta wekundu. Kwa ngozi nyeusi wekundu mara nyingi hauonekani, na hapo ndipo wengi tunapopitwa. Weka mkono. Pana joto kuliko pembeni? Pamekuwa pagumu, au palegevu? Pamebadilika rangi, au mgonjwa analalamika panauma? Hicho ni kidonda kinachoanza, hata kama ngozi ni nzima.

Tuna pia kipimo cha Braden cha kukadiria hatari ya mgonjwa kupata vidonda hivi, kilichochapishwa mwaka 1987. Kinatazama mambo 6: hisia, unyevu, kutembea, kujigeuza, lishe na msuguano. Alama ni 6 hadi 23, na mwenye 18 kushuka chini yumo hatarini.

Kawaida tunamgeuza kila baada ya saa 2, na karatasi ya kitandani huandikwa: saa 4 usiku kulia, saa 6 chali, saa 8 kushoto. Sitaficha kwamba usiku muuguzi mmoja anaweza kubeba wodi nzima; ndugu anayeijua karatasi hiyo ni msaada mkubwa kwetu. Ukimlaza ubavu, mwegemeze kidogo kwa mto au blanketi lililokunjwa nyuma ya mgongo, asilalie mfupa wa nyonga moja kwa moja. Mto mwingine weka chini ya mashavu ya miguu ili visigino vining'inie. Kumsogeza juu, muwe wawili na mnyanyue kwa shuka. Kumburuta huchana nyama ndani.

Kuna mawili yanafanywa kwa upendo na yanaumiza. La kwanza ni kukanda kwa nguvu mahali palipobadilika rangi, ati damu itembee. La pili ni kuviringisha kanga kama ngata na kuiweka chini ya makalio: duara lile hubana damu pande zote.

Akijisaidia, msafishe mara moja na umkaushe kwa kugusagusa. Dagaa, migebuka, maharage na mayai huujenga mwili, ila mgonjwa wa kiharusi asilishwe kabla muuguzi hajathibitisha kwamba anameza vizuri.

Mnaporuhusiwa kurudi Kasulu, Uvinza au Kibondo, kazi hii inahamia kwenu. Kabla ya kuondoka, mgeuze wewe mwenyewe mgonjwa wako, muuguzi akiwa amesimama pembeni anakuangalia.