Afisa Usalama wa Taifa: Maana ya Kazi Yake na Maisha Yake, kwa Mifano ya Mtwara na Lindi

Katika vijiwe vya kahawa vya Mtwara na Lindi, neno «usalama» limeacha kuwa jina la hali na limekuwa jina la mtu. «Yule ni usalama,» mmoja hunong'ona, na aliyekuwa akilalamikia makato ya korosho huanza ghafla kuzungumzia mvua. Mara nyingi anayenong'onwa ni afisa kilimo aliyehamia karibuni, au askari kanzu wa kituo cha polisi, au mfanyabiashara mgeni ambaye hana neno na mtu. Mchanganyiko huu unaniumiza kwa sababu una gharama yake: mwananchi asiyejua mipaka ya kazi hii humwogopa asiyestahili kuogopwa, humfungia mdomo aliyepaswa kuambiwa, na hushindwa kudai haki yake pale mtu anapotumia jina la usalama kumtisha.

Afisa usalama wa taifa ni mtumishi wa umma katika Idara ya Usalama wa Taifa, ambaye kazi yake ni kukusanya taarifa zinazogusa usalama wa nchi, kuzilinganisha, kuzipima ukweli na uzito wake, kisha kuishauri Serikali kabla jambo halijaharibika. Uzito wa maelezo hayo upo kwenye neno «kabla». Polisi wa upelelezi kwa kawaida huanza na kosa lililotendeka au linalotendeka, naye hutafuta ushahidi utakaosimama mahakamani. Afisa usalama hutafuta kujua kinachoelekea kutokea, na anachokikabidhi mwishoni ni maelezo ya maandishi kwa mwenye mamlaka ya kuamua.

Kwa miaka mingi baada ya uhuru idara hii ilifanya kazi bila sheria yake mahususi. Chimbuko lake lilikuwa tawi maalumu la polisi wa kikoloni, ambalo kazi yake kubwa ilikuwa kuwafuatilia wanasiasa na vyama, na kiongozi wake wa mwanzo wa Kitanzania alikuwa Emilio Mzena, ambaye jina lake wengi leo hulijua kupitia hospitali iliyoko Dar es Salaam. Sheria ya kuiunda idara rasmi, Namba 15 ya mwaka 1996, ilitungwa wakati wa Rais Benjamin Mkapa, mzaliwa wa Lupaso, Masasi. Ilivyotungwa, sheria hiyo iliweka mambo mawili ambayo ningependa kila mwanakijiji ayajue: kwamba kutekeleza hatua za kiusalama si kazi ya idara, na kwamba mtu hapaswi kufuatiliwa kwa sababu tu anashiriki maandamano halali au anapinga jambo la Serikali kwa njia halali. Imefanyiwa marekebisho mwaka 2023, hivyo mwenye hoja ya kisheria asome maandishi yake ya sasa. Hata hivyo msingi wa awali unaonyesha watunzi walivyoielewa hatari ya kumpa mtu mmoja masikio na pingu kwa pamoja.

Maneno mengine yanayotumika mitaani hayalingani kabisa na cheo hiki. «Jasusi» limetoka Kiarabu, kwenye mzizi wenye maana ya kupapasa na kuchunguza, nalo hutajwa zaidi kwa anayetumwa kuiba siri za nchi ya watu. «Kachero» hutumika kwa mpelelezi wa jinai. «Shushushu» ni neno la kejeli, na humwangukia yeyote anayeshukiwa kupeleka maneno, hata kama hajawahi kuajiriwa na ofisi yoyote. Wako pia watoa taarifa, ambao si maofisa kamwe: ni watu wa kawaida wanaoeleza walichokiona, na sheria inakataza kuwaanika. Nchi kama Uingereza zimegawa kazi ya ndani na ya nje kwa idara mbili. Tanzania imeziweka chini ya idara moja, kwa hiyo ofisa aliyekuwa wilayani Newala anaweza kesho kutwa akawa ng'ambo.

Ili kazi yenyewe ieleweke, tuchukue mfano wa kubuni wa bonde la Mto Ruvuma. Mvuvi anasema ameona mitumbwi mitatu ikivuka usiku kutoka upande wa Msumbiji. Mwenye duka anasema kuna vijana wageni walionunua unga mwingi na betri za tochi, wakalipa bila kupatana bei. Mama aliyekwenda kumzika shangazi yake ng'ambo anarudi akisema kijiji kizima kule kimehama. Kila moja ya habari hizi, ikiwa peke yake, ni fununu. Wavukaji wanaweza kuwa ndugu waliokwenda harusini, maana Wamakonde wapo pande zote mbili na mto haujawahi kuwa ukuta kwao. Wageni wanaweza kuwa wachukuzi wa mbao. Ofisa hulazimika kuuliza nani aliona kwa macho yake na nani alisimuliwa, kwa kuwa taarifa tatu zilizotoka kinywa kimoja ni taarifa moja. Huuliza tena kama msemaji ana ugomvi na anayemsema, kwani shamba lenye mgogoro huzaa tuhuma nyingi. Akishapima hivyo ndipo anaandika: hili nina hakika nalo, hili linaelekea kuwa kweli, hili silijui. Ofisa anayeficha sehemu ya tatu ili aonekane hodari ni hatari kuliko asiyejua kitu.

Sisi wa kusini hatuhitaji kuelezwa sana kwa nini upimaji huo una maana. Mapigano ya Cabo Delgado, jimbo la Msumbiji linalopakana nasi, yalianza Oktoba 2017, na miaka mitatu baadaye, Oktoba 2020, washambuliaji walivuka Ruvuma wakaingia kijiji cha Kitaya, mkoani Mtwara, wakaua watu na kuchoma nyumba. Kwa watu wa ukingo wa mto, tofauti kati ya habari iliyofika mapema na iliyochelewa ni uhai wa mtu.

Wala si mara ya kwanza mpaka huu kudai kazi ya namna hiyo. Wakati FRELIMO, chama cha ukombozi wa Msumbiji, ikipigana na Wareno, wapiganaji wake walifunzwa Nachingwea, mkoani Lindi, na wakimbizi walivuka kwa wingi. Polisi wa siri wa Ureno, waliojulikana kwa jina la PIDE, walitafuta njia ya kupenyeza watu wao ndani ya harakati. Eduardo Mondlane, kiongozi wa FRELIMO, aliuawa Dar es Salaam tarehe 3 Februari 1969 kwa bomu lililofichwa ndani ya kitabu alicholetewa kama kifurushi. Hapo ndipo unapoonekana upande mwingine wa kazi, yaani kuzuia ujasusi wa wengine: kutambua, kati ya maelfu wanaokimbia kwa dhiki ya kweli, yule mmoja aliyetumwa, bila kuwageuza wote kuwa watuhumiwa.

Usalama wa nchi hauishii kwenye silaha. Msimu wa korosho unapoanza, biashara ya kangomba huibuka vijijini: mkulima mwenye njaa huuza mazao yake kwa mlanguzi kwa bei ya chini kabla hayajafika chama cha msingi cha ushirika na stakabadhi ghalani, yaani mfumo wa kuhifadhi mazao ghalani yakisubiri mnada. Malipo yakichelewa, hasira hupanda, na mwezi Novemba 2018 suala la korosho lilifikia hatua ya Serikali kuagiza jeshi lihusike kuzinunua na kuzisomba. Ofisa makini wa wilaya kama Tandahimba anapaswa kuwa ameisikia hasira hiyo wiki nyingi kabla, na kuieleza jinsi ilivyo, pamoja na chanzo chake, hata kama chanzo hicho ni uzembe wa viongozi wanaoisoma ripoti.

Ngazi za kazi zinajulikana. Kuna afisa usalama wa mkoa na wa wilaya, ambao watumishi huwaita RSO na DSO kwa vifupisho vya Kiingereza, na kila mmoja ni mjumbe wa Kamati ya Ulinzi na Usalama ya eneo lake, inayoongozwa na mkuu wa mkoa au mkuu wa wilaya. Maofisa hao wawili hawajifichi. Ofisi zao zinafahamika na hukaa meza moja na mkuu wa polisi. Juu kabisa yupo Mkurugenzi Mkuu, anayeteuliwa na Rais.

Maisha ya wengine hayajulikani hivyo. Anayeingia hupitia upekuzi wa tabia, madeni, marafiki na ukoo, hula kiapo, na tangu hapo kazi yake haisimuliwi nyumbani. Mkewe hujua kwamba mume yuko «Ofisi ya Rais». Watoto hujaza fomu ya shule kwa neno «mtumishi». Uhamisho huja bila maelezo. Akifanikiwa hakuna anayempongeza hadharani, kwa sababu jambo alilolizuia halikutokea na haliwezi kuonyeshwa.

Wachache huonekana baadaye kwa kazi nyingine. Bernard Membe, mzaliwa wa Rondo, mkoani Lindi, alianza utumishi mwishoni mwa miaka ya 1970 akiwa mchambuzi wa masuala ya usalama katika Ofisi ya Rais. Baadaye alikuwa mwanadiplomasia nchini Canada, mbunge wa Mtama kuanzia mwaka 2000, na Waziri wa Mambo ya Nje kuanzia 2007 hadi 2015. Alifariki Mei 2023 na akazikwa kwao Rondo. Safari zake za uwaziri na kampeni zake zimeandikwa kwa kirefu. Miaka aliyoketi akichambua taarifa kwa ajili ya Rais, katika wasifu wake uliotolewa kwa umma, huchukua mstari mmoja.